Bendi tatu za Tabora na swali la "inalipa?"

Sensa ya 1967 iliikuta Tabora mjini na watu wapatao 21,000. Katika mji wa ukubwa huo, miaka hiyohiyo ya 1960, zilikuwa zikipiga bendi tatu za muziki wa dansi ambazo majina yake yalijulikana nchi nzima: Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz. Toa watoto, toa wazee, toa wale ambao dini au kipato hakikuwaruhusu kuingia ukumbini Jumamosi usiku, kisha waliobaki uwagawe kwa bendi tatu. Mtu yeyote anayejua hesabu za kiingilio angekwambia mji huo haukutosha hata bendi mbili. Hata hivyo zilianza, zikaishi, na nyimbo zake bado zinapigwa redioni zaidi ya nusu karne baadaye.

Leo kijana wa Cheyo au Isevya akisema anataka kufungua studio ya muziki, kuanzisha kikundi cha maigizo, kushona nguo kwa mitindo aliyoibuni mwenyewe au kuchapisha diwani yake, swali la kwanza analoulizwa, tena na watu wanaompenda, ni "inalipa?" Silidharau swali hilo. Anayeuliza mara nyingi ni mama aliyelipa ada kwa shida, au kaka aliyekwisha kuona wenzake wakidhalilika kwa madeni. Lakini swali hilo likitangulizwa kabla ya mengine yote, hakuna bendi hata moja kati ya zile tatu ambayo ingezaliwa. Inafaa tukumbushane zilizaliwaje, na pia ziliumizwa wapi, kwa maana simulizi hii imezoeleka kusimuliwa nusu: ama kama enzi ya dhahabu, ama kama orodha ya wazee waliokufa maskini.

Bendi za wakati ule hazikuanza kama kampuni. Zilianza kama klabu, kwa utaratibu uliokuwa umekwisha kuenea katika miji ya Tanganyika tangu miaka ya 1930. Watu walijiandikisha uanachama, wakachanga, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na fedha zilipotosha wakanunua vyombo. Vyombo vilikuwa mali ya klabu. Mpigaji akihama, gitaa linabaki ukutani likimngoja mwingine. Wengi wao walikuwa na kazi za mchana: wapo waliokuwa makarani, mafundi cherehani, watu wa reli, wauza duka. Mazoezi yalikuwa jioni, baada ya kazi. Jumamosi mvua ikinyesha na ukumbi ukakosa watu, hakuna mwanabendi aliyelala njaa kwa sababu hiyo. Waliumia, walinung'unika, lakini Jumatatu kila mtu alikwenda kazini kwake, na jioni wakarudi mazoezini.

Mimi naona siri kubwa ilikuwa hapo. Watu husema wazee wale walikuwa na moyo, na walikuwa nao kweli, ila moyo wenyewe ulikuwa umewekewa mahali pa kuegemea. Gharama ziligawanywa kwa wengi. Hasara ya usiku mmoja haikumwangukia mtu mmoja. Kwa hiyo katika chumba cha mazoezi swali lililobaki mezani lilikuwa moja tu: wimbo huu ni mzuri au si mzuri?

Swali hilo lilikuwa na uzito kwa sababu njia rahisi ilikuwepo. Nyimbo za Kongo zilikuwa zikivuka Ziwa Tanganyika na kusikika redioni kila siku, na kabla yake zilitangulia santuri za rumba ya Kuba. Bendi yoyote ingeweza kukopi vibao vilivyokuwa vikivuma na ukumbi ukajaa. Bendi zilikopi, ndiyo, kila moja kwa kiasi chake. Lakini kilichompa mtu sifa mtaani kilikuwa wimbo wa kwenu, wenye maneno ya kwenu, na zaidi ya hapo mtindo wa kwenu. Mtindo ulikuwa jina la namna bendi inavyopiga na namna mashabiki wake wanavyocheza, na haukuazimwa. NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende na kubeba jina la Jimbo la Magharibi ambalo makao yake yalikuwa Tabora, walikuwa na Saboso. Tabora Jazz wao waliita wa kwao Segere Matata. Mtindo hauwezi kuuzwa dukani. Hauna bei. Lakini bendi isiyokuwa nao ilihesabika kama bendi ya kupiga kwenye harusi za watu na basi.

Mwaka 1972 aliingia Tabora Jazz kijana aliyetokea Kigoma, mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 400 upande wa magharibi. Jina lake Shem Ibrahim Karenga. Ndiye mtunzi wa "Asha", ambao wengi tunauita "Dada Asha", na sidhani kama kuna mtu mzima wa Tanzania aliyewahi kukaa karibu na redio ambaye hajausikia. Nyanyembe Jazz nao walitoa "Rangi ya Chungwa". Ukizisikiliza rekodi za Tabora za miaka ile kwa utulivu, zile za kabla ya vinanda vya umeme, kuna jambo linajitokeza. Hakuna mpigaji anayekimbilia mbele. Rizimu inashikilia mahali pamoja, besi inatembea chini yake, solo inaingia pale tu mwimbaji anapovuta pumzi. Halafu linapofika chemko, sehemu ya kuchezea, magitaa yanaanza kujibizana, na kila moja linaacha nafasi kwa jingine. Huwezi kupiga hivyo na watu uliowakodi juzi. Ni kazi ya watu waliokaa pamoja jioni nyingi bila kulipwa, wakasikilizana mpaka kila mmoja akajua mwenzake atakwenda wapi.

Kwa nini Tabora, na si mji mwingine? Mtu akinyoosha ramani jibu moja analiona upesi. Reli ya kati ilifika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likafunguliwa 1928. Kila anayetoka Ziwa Tanganyika au Ziwa Viktoria kwenda pwani kwa treni hupitia Tabora. Lakini reli ilifuata njia iliyokuwa imekwisha kukanyagwa kwa miguu. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, ndani ya Unyanyembe, Novemba 1857, walikuta mji wa biashara uliokwisha kujengwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili pamoja na wenyeji wao Wanyamwezi. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaja hapa, kisha ikagawanyika: nyingine kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Njia hiyo ilifunguliwa kwa faida, hakuna la kuficha. Pembe za ndovu zilizopita Tabora zilikwenda Unguja, na kutoka Unguja zikapakiwa kwenda Uingereza, India na Marekani. Katika jimbo la Connecticut kulikuwa na mji uliojengwa juu ya biashara hiyo mpaka ukaitwa Ivoryton. Huko pembe zilikatwa vibao vya kufunika funguo za piano, na kwingineko zikachongwa mipira ya biliadi. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na jambo hilo halitakiwi kupunguzwa hata kidogo kila tunapoisimulia habari ya misafara. Wapo waliotajirika. Tippu Tip, ambaye baba yake alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe, alifariki Unguja mwaka 1905 akiwa mmoja wa watu matajiri wa pwani.

Sasa angalia kilichobaki Tabora yenyewe. Pembe ziliondoka. Fedha ziliondoka. Tembe la Kwihara, alikobaki David Livingstone akingoja wapagazi kuanzia Machi hadi Agosti 1872 baada ya Henry Stanley kurudi pwani, leo ni makumbusho yenye wageni wachache kuliko inavyostahili. Kilichobaki kwa wingi ni vitu ambavyo hakuna mfanyabiashara aliyevipangia bajeti: miembe ya njiani, Kiswahili kinachozungumzwa katika nyumba za Kinyamwezi kama lugha ya nyumbani, na nyimbo.

Nyimbo zile zililetwa na wapagazi. Wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira, na kwa kijana wa Unyamwezi kwenda pwani na kurudi lilikuwa jambo la heshima. Mtu alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, begani au kichwani, kwa miezi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, kavaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, ngoma ikimfuata karibu, na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo ambao wengine waliupokea. Nyimbo zikapokezana toka kambi hadi kambi. Za pwani zikaja bara, za bara zikaenda pwani. Hakuna aliyelipwa kwa kutunga. Ujira ulikuwa wa mzigo. Wimbo ulikuwa wa kuufanya mzigo ubebeke, na wa kumfanya mtu ajisikie mtu mbele ya tajiri aliyemhesabu kwa frasila.

Baadaye ngoma za Unyamwezi ziliendelea kuzaliwa kwa namna hiyohiyo, kutokana na haja ya watu wenyewe. Chukua Bayeye, chama cha wacheza nyoka kinachojulikana Unyamwezini na Usukumani. Mgeni huona mtu kajiviringishia chatu shingoni akadhani ni maonyesho ya kuvuta watazamaji. Chama chenyewe kimejengwa juu ya elimu ya dawa za sumu ya nyoka, elimu inayookoa uhai wa mkulima aliyeumwa shambani mbali na hospitali. Dawa ilitangulia, nyimbo zikawa njia ya kuifundisha na kuwakusanya wanachama, na watazamaji wakaja mwisho kabisa. Au chukua kundi la Hiari ya Moyo la mzee Mwinamila wa Tabora, ambalo enzi za Mwalimu Nyerere lilisikika nchi nzima kupitia Radio Tanzania na kwenye sherehe za kitaifa. Kwangu mimi mzee Mwinamila ni mtunzi wa daraja moja na mpiga gitaa yeyote wa Dar es Salaam, na inasikitisha kwamba majina ya aina yake hayatajwi tunapozungumzia "tasnia".

Hata uchapaji wa mji huu ulianza nje ya hesabu za faida. Kiwanda cha uchapaji cha wamisionari wa Kikatoliki cha Kipalapala, ambacho vitabu vyake tunavijua kwa herufi TMP, kilitoa vitabu vya Kiswahili vilivyoenea shuleni na majumbani, na gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1950 lilikuwa la hapa kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Uandishi wa Kiswahili wa bara una deni kwa Tabora ambalo halijalipwa, na hilo ni makala ya siku nyingine.

Nimesema simulizi hii husimuliwa nusu. Nusu ya pili inauma.

Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi katika studio yake, na bila kazi ile leo tusingekuwa na sauti hizo hata moja. Lakini kurekodiwa kwa ajili ya redio hakukuwa na malipo ya maana kwa mpigaji, na bendi iliyotaka sahani ya kuuza dukani ilielekea Nairobi. Huko mara nyingi mwanamuziki alipokea malipo ya mkupuo mmoja, akatia saini, akapanda gari kurudi kwao. Nyimbo zikabaki kwa wenye kampuni. Ilikuwepo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966, ila mpiga gitaa wa Tabora angeijulia wapi, na angemshitaki nani?

Wakati huohuo mfumo wa klabu ulianza kushindana na mishahara. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Majeshi, kisha viwanda na mashirika ya umma, navyo vikaanzisha bendi zao. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo ilianza 1970. Mwanamuziki wa mkoani akapata ajira, nyumba na vyombo vipya Dar es Salaam. Ni nani atamlaumu? Karenga mwenyewe baadaye alipiga Dar es Salaam, akaongoza MK Beats. Miaka ya 1980 ilipofika na uchumi ukabana, gitaa na spika vikawa anasa isiyoshikika, na klabu iliyotegemea michango ya makarani haikuweza tena kununua hata nyaya.

Salum Zahoro, aliyeongoza Kiko Kids, alikutwa na miaka ya 1990 akiwa mzee kama wenzake wengi wa kizazi hicho. Mwaka 1993 wakongwe hao walikusanywa katika Shikamoo Jazz, kwa msaada wa shirika la kuhudumia wazee la HelpAge, wakapatiwa vyombo, na miaka miwili baadaye wakawa wanapiga Uingereza. Nafurahi kwamba walipanda jukwaa hilo. Vilevile naona aibu kwamba waliotunga nyimbo za uhuru wa nchi hii ilibidi wapewe magitaa na shirika la misaada.

Baadhi ya watu wakifika hapa hutoa hukumu: mwaona, walipenda muziki badala ya kutafuta pesa, wakaishia hivyo. Nakataa. Hawakuumizwa na kupenda kwao. Waliumizwa na karatasi walizotia saini na zile ambazo hazikuandikwa kabisa. Laiti "Asha" ungekuwa wimbo wa haraka uliotungwa kujaza ukumbi wa Jumamosi moja, leo kusingekuwa na haki ya kugombea. Kilichowafanya wengine wapate faida juu ya kazi hizo ni thamani ambayo watunzi walitangulia kuiweka ndani yake.

Kwa hiyo ninapokutana na kijana wa Tabora anayeanza, simwambii asahau pesa. Namuuliza mambo ambayo klabu zile zilikuwa zimeyajibu bila kuyaandika. Kuna kitu gani ambacho usipokitengeneza wewe hakitakuwepo? Utaishije mwaka wa kwanza na wa pili kazi ikiwa haijaleta kitu? Nani watabeba gharama pamoja nawe? Mfuga nyuki wa Sikonge hupandisha mzinga juu ya mti penye maua na maji, akaufukiza vizuri, kisha akaendelea na kilimo chake, maana hana amri juu ya siku ya nyuki kuingia. Kijana aliyeacha kazi ya kumlisha ili aanze sanaa kesho ale kwa sanaa hana subira ya namna hiyo hata kama anayo moyoni, kwa kuwa njaa itamchagulia nyimbo.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na mikopo. Serikali ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii, na ni jambo jema kwa mwenye kazi inayokwisha kusimama anayetaka kuikuza. Kwa anayeanza, mkopo una ratiba ya marejesho inayoanza kabla hajajua sauti yake ni ipi. Atatunga kinachouzika mwezi huu. Atakopi. Ningependa kuona halmashauri na vyama vya ushirika vya mkoa, ambavyo kwa tumbaku na asali vimejua kukusanya nguvu za wengi kwa miongo, vikisaidia vikundi kumiliki vyombo kwa pamoja: spika, kamera, cherehani za viwandani, mashine ndogo ya uchapaji. Vitu vinavyobaki ukutani mtu akihama. Ukumbi wa jamii ulio wazi jioni kwa mazoezi bila kodi ungefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

Na karatasi ziandikwe siku ileile ya kwanza, watu wakiwa bado wanapendana. Nani katunga maneno, nani katunga sauti, jina la kikundi ni la nani mmoja wao akiondoka, mgawo ukoje. Kwenye kampuni za kusambaza muziki mtandaoni leo mkataba husainiwa kwa kugusa kioo cha simu, na nimeona vijana wakigusa bila kusoma, kama vile wazee wao walivyotia saini Nairobi. Kuandika jina lako juu ya kazi yako hakumaanishi umetanguliza faida. Ni kuiheshimu kazi.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inasema haki ya mtunzi hudumu katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Shem Karenga alifariki Desemba 2014. Kwa hesabu hiyo haki ya warithi wake juu ya nyimbo alizotunga inaendelea hadi 2064. Kila "Dada Asha" inapopigwa katika redio za Tabora, kwenye kumbi za Ng'ambo na Kanyenye, katika harusi na hoteli, kuna kiasi kinachopaswa kuandikwa mahali kwa jina lake. Wamiliki wa redio na kumbi za mji huu wanaweza kuanza kuandika orodha ya nyimbo wanazopiga wiki hii, na kuipeleka inakotakiwa.